Impreza STI ya 2004: kurudisha bluu yake bila kuimaliza klia

#1 BoksaMbezi

Wakuu, habari za muda huu.

Kwenye uzi wa matairi niliahidi nitaleta huu, basi huu hapa. Gari ni Impreza WRX STI ya 2004, bodi ya GDB, rangi namba 02C, ile bluu ya rali. Nililichukua Arusha kwa jamaa aliyekuwa ameliegesha chini ya mwarobaini karibu miaka miwili akisubiri kifaa cha gia boksi. Injini sina neno nayo. Shida ni rangi.

Ukiliona jioni kwa mbali unasema chombo hicho. Likitoka juani saa sita mchana, aibu tupu. Boneti na paa vimefubaa, vina ukungu mweupe kama kioo cha bafuni. Milangoni ni mikwaruzo midogo kama utando wa buibui mwanzo mwisho. Kwenye buti kuna alama tano za mavi ya ndege zilizokula rangi hadi unazihisi kwa ukucha. Spoila ya nyuma ndiyo usiseme, klia, lile tabaka la juu linalong'aa, inabanduka kama ganda la kitunguu.

Kabla hamjauliza: ndiyo, nilishalipeleka kwa fundi. Gereji bubu moja, sitaitaja wala eneo lake. Alilizunguka gari mara moja akasema, "Bosi, hii kazi ya masaa mawili tu." Akatoa grainda, ile ile ya kukatia nondo, akaifunga padi ya manyoya, akapaka rabingi, ile dawa ya kukwangua rangi, boneti nzima, akaanza. Mimi nimesimama na soda yangu. Dakika kumi za mwanzo nilifurahi kweli, bluu inarudi naiona. Akahamia mlango wa nyuma kushoto. Hapo nikaona padi iliyokuwa nyeupe imeanza kuwa na bluu. Nikapiga kelele. Alipoinua mashine, kwenye ule mkunjo wa mlango kuna doa kama sarafu ya shilingi mia, halina mng'ao, rangi yenyewe imekwenda kijivu.

Akaniambia, "Hiyo waksi itaificha."

Nililipa nusu, nikaondoka. Baada ya kuosha mara mbili na boneti nayo ikatoa siri: vivuli vya mizunguko vinavyocheza ukitembea kuzunguka gari. Mng'ao niliofurahia pale gereji ulikuwa mafuta ya ile rabingi tu.

Simu ina chaji asilimia nne. Naendelea baadaye.

#2 Mwana_Mkoko

Natia nanga hapa. Ila uzi wa rangi bila picha ni hadithi ya kijiweni mkuu.

#3 GaniMkononi

Nimepiga rangi tangu enzi za duko, ile rangi ya zamani, kabla hizi za 2K za kuchanganya na dawa ya kukausha hazijajaa mjini. Kijana, usitukane grainda. Tatizo ni mkono. Mimi nimeng'arisha magari ya harusi kwa mashine ya kuzungusha miaka na miaka, sijachoma mlango wa mtu.

#4 BoksaMbezi

Shikamoo mzee GaniMkononi. Sibishani na mkono wako. Lakini mashine ya kuzungusha ya polishi ina kidhibiti cha mwendo, unaiweka mizunguko 600, 1,000, ikizidi sana 3,000 kwa dakika. Grainda ya inchi nne na nusu ikishawashwa inakwenda 11,000 hivi, hakuna "pole pole" pale. Halafu aliibana kwenye mkunjo, mahali ambapo rangi huwa nyembamba kuliko kote, na joto lote likarundikana sehemu moja.

Picha zinagoma kupanda, nitajaribu usiku bando likiwa rahisi.

#5 GaniMkononi

Marhaba. Kwa grainda ya nondo hapo umesema kweli, hiyo si mashine ya rangi. Nilidhani unasema ya polishi. Na hiyo mikunjo sisi tulikuwa tunaifunika kwa gundi karatasi kwanza, unaipitia kwa mkono mwishoni kabisa. Vijana hawataki kubandika gundi karatasi, wanaona inawachelewesha.

#6 KituNdoo_KE

Niko Nairobi, nina Mitsubishi Evo VII. Swali langu ni rahisi: si upige rangi gari lote mara moja uache kuhangaika? Huku jua kali wanakupigia bodi nzima siku tatu.

#7 BoksaMbezi

Nimekaa mezani sasa, nijibu hilo vizuri, kwa sababu ndilo swali kila mtu aliniuliza, mpaka mke wangu.

Rangi ya kiwandani imechomwa kwenye oveni bodi ikiwa uchi, haina viti, haina nyaya, haina raba za vioo. Mtaani hakuna atakayeivua Subaru kiasi hicho. Anafunika kwa magazeti, anapulizia, na baada ya mwaka unaona mstari wa rangi kwenye raba ya mlango. Na anayejua magari haya akija kununua, akikuta bodi nzima imepulizwa, swali lake la kwanza ni gari lilibingirika wapi. Kwa hiyo kila kipande ambacho bado kina rangi ya Japani, mimi nakilinda kama yai.

Ila lazima ujue umebakiwa na nini. Ndipo nikatafuta kipima unene wa rangi, kile kidude unachogusisha kwenye bodi kinakupa namba kwa mikroni, yaani elfu ya milimita. Cha kwanza nilichonunua kilikuwa cha bei ya chini. Nikapima paa, sawa. Nikapima milango, sawa. Nikapima boneti: kimya. Nikajaribu tena, kimya. Nikajua nimeuziwa boneti ya pati tupu, ule udongo wa kuzibia mabonde, usingizi ukapotea. Kumbe boneti ya hizi GDB ni aluminiamu, na kile kipima kilikuwa kinasoma chuma peke yake. Chukua kinachosoma vyote viwili. Bampa, spoila na lile pua la hewa juu ya boneti usijisumbue, ni plastiki, vipima vya kawaida havisomi.

Namba za gari langu:
Paa: 101 hadi 109.
Milango ya kulia: 98 hadi 115.
Kwota ya kulia (ubavu wa nyuma): 340, sehemu nyingine 410. Hapo kuna pati, liliwahi kugongwa. Muuzaji alisema "halijawahi kuguswa". Sawa.
Boneti baada ya bwana grainda: 83 hadi 90.
Mlango wa nyuma kushoto: katikati 92, ukiukaribia mkunjo 79, kwenye doa 52.

Magari mengi ya Japani hutoka kiwandani na jumla ya mikroni 90 hadi 130 hivi. Humo mna tabaka la kuzuia kutu, praima, rangi, na juu kabisa klia. Klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Unywele wa kichwani ni kama 70. Yaani kile kitu chote kinachong'aa, kinachozuia jua lisiguse bluu, ni chembamba kuliko unywele wako. Na kila bafing, yaani kung'arisha kwa mashine, inakikwangua. Hakuna polishi inayoongeza klia. Mkwaruzo hauzibwi, bali unashusha uwanda wote mpaka ulingane na chini ya mkwaruzo. Nikilielewa hilo ndipo nikaona yule fundi alichonifanyia: alinilia mtaji, akanipa mng'ao wa wiki moja.

Na msidanganyike na kipima. Kinasoma jumla. Ukipata 105 haikuambii klia ni ngapi na praima ni ngapi. Ukipata 200 kwenye mlango uliopuliziwa upya usiseme una klia ya kuchezea, huenda rangi ni nene na klia imepigwa mkono mmoja.

#8 KituNdoo_KE

Hiyo ya boneti nimecheka peke yangu kwa matatu. Haya, umenishika. Endelea.

#9 MtwanaWaKisauni

Assalam alaykum. Niko Mombasa, chumvi ya bahari na jua tunavijua sisi. Hilo la mwarobaini na ndege ungelieleza, maana mimi gari langu naliegesha chini ya mkungu, na kila nikiamka kuna kunguru kalifanyia haja.

#10 BoksaMbezi

Waalaykum salaam. Kunguru hawa weusi wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wale taka, na sasa wanatuonyesha shukrani. Mavi ya ndege yana asidi, hiyo ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni joto. Mchana klia hulainika na kutanuka kidogo, yale mavi yakikauka juu yake yanaganda, jioni klia ikipoa inajikunja kufuata umbo lake. Ndiyo maana unakuta alama ina kingo. Usiyasugue makavu, yana mchanga na mbegu ndani. Loweka kitambaa, kilaze juu dakika tano, kisha nyanyua. Na ufanye asubuhi hiyo hiyo, usisubiri Jumamosi.

Utomvu wa miti nao ukikaa sana unakula. Spiriti kidogo kwenye pamba huutoa.

#11 Mwana_Mkoko

Mkuu lete kazi sasa. Mashine gani, dawa gani, siku ngapi.

#12 BoksaMbezi

Haya. Ilinichukua wikiendi tatu, na ya kwanza sikugusa mashine.

Kuosha. Ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia glavu. Sabuni ya gari, siyo ya unga. Utando wa buibui kwenye milango yangu haukuletwa na jua, uliletwa na vijana wa kuoshea magari wenye sponji moja inayoanzia kwenye rimu na kumalizia kwenye boneti. Mchanga wa breki umo humo humo.

Kisha dawa ya kuyeyusha chembe za chuma. Unapulizia, baada ya dakika mbili tatu gari linalia machozi ya zambarau, na harufu yake ni ya yai viza, majirani waliuliza. Hizo ni chembe za breki zilizojichimbia kwenye rangi. Halafu udongo maalumu wa kusafishia, unateleza nao juu ya maji ya sabuni, unanyakua kilichobaki. Kujua kama umemaliza, vaa mfuko laini wa nailoni mkononi, upapase bodi iliyolowa. Chenga zote utazisikia kama chumvi ya mawe. (Mifuko ya Rambo tuliagana nayo 2019, nilitumia ule wa mkate.) Udongo ukianguka chini, utupe. Usiuokote, hata kama unauma.

Wikiendi ya pili, mashine. Nilitumia ya kutikisa, siyo ya kuzungusha. Yaani padi inazunguka huku inayumba, haikai sehemu moja, kwa hiyo joto halirundikani na ni vigumu kuchoma hata kwa mtu mgeni. Yangu ni ya kuazima, Rupes yenye myumbo wa milimita 15. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari kwenye sahani ya nyuma ya padi. Ukiona mstari umesimama, padi haizunguki, umebana mno au umeilaza upande. Huo mstari ulinifundisha kuliko video zote nilizotazama.

Gundi karatasi kwenye raba, nembo, na mikunjo yote. Mzee GaniMkononi, niliikumbuka sauti yako.

Kisha kipande cha majaribio, nusu mita kwa nusu mita, juu ya buti. Hapa ndipo watu wanakosea kwa kuanza na dawa kali. Nilianza na polishi laini, Meguiar's M205, na padi laini. Haikutosha. Nikabaki na polishi ile ile, nikabadilisha padi tu, nikaweka ya kati. Karibu asilimia sabini ya utando ukaondoka. Kwa paneli nyingi niliishia hapo. M105, ambayo ndiyo kali, niliitumia kwenye paa peke yake na kuzunguka zile alama tano za buti.

Namna yenyewe: matone manne ya ukubwa wa punje ya njegere kwenye padi, sambaza mashine ikiwa imezimwa, washa mwendo wa nne, kwenda na kurudi pole pole kama unapiga pasi shati la kitambaa chepesi, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia. Halafu unakata kwa upande wa pili. Mizunguko minne hadi sita, futa, angalia kwa taa. Kila ukimaliza kipande, sugua padi kwa brashi, maana vumbi la klia uliyoitoa limejaa humo na litaanza kukwaruza upya.

Saa za kazi: nilianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa tatu nilikuwa nimefunga. Boneti ya Dar saa tano huwezi kulaza kiganja, dawa inakauka kabla haijafanya kazi, unabaki unasugua unga.

Na rangi ya Subaru ni laini jamani. Inakwaruzika hata kwa taulo baya. Uzuri wake inarudi upesi, ubaya wake kila ukiipiga dawa ya kati inakuachia ukungu mwembamba sana. Ukungu huo utauona kwenye bluu, kwenye fedha usingeuona. Kwa hiyo mkono wa mwisho lazima uwe polishi laini na padi laini, usiuruke kwa uvivu.

#13 BintiGiaSita

Kaka, nina Altezza RS200 nyeupe, namba ya rangi 040. Juzi nimepiga polishi kwa mkono, kitambaa kikatoka cheupe pee. Nimesoma hapa juu habari za padi kuwa bluu, moyo umeniruka. Nimechoma klia?

#14 BoksaMbezi

Tulia dada, hujachoma. Nyeupe ya 040 ya Toyota kwa kawaida haina klia. Ni rangi ya tabaka moja, inang'aa yenyewe, kwa hiyo kitambaa lazima kichukue rangi. Kwangu mimi bluu ina vumbi la mika, madini yanayometameta, ndani na klia juu, padi ikiwa bluu maana yake nimeshapita mahali nisipotakiwa. Kipimo kwa magari yote: sehemu ya siri, kama chini ya mlango, kitambaa cheupe, au cheusi kwa gari jeupe, polishi kidogo. Kikitoka na rangi, hakuna klia.

#15 GaniMkononi

Niongeze hapo kwa binti. Rangi ya tabaka moja ikipauka inakuwa kama chaki, imekauka mafuta. Usiianze na rabingi. Kuna polishi za mafuta zisizokwangua, mimi naipaka nzito, naisugua kwa kitambaa cha taulo la pamba, naiacha ilale usiku kucha, asubuhi nafuta. Rangi inakunywa. Ukirudia mara mbili ndipo upige polishi ya kawaida kidogo sana. Zile nyekundu zilizogeuka waridi zinarudi hivyo, nimeziona kwa macho yangu.

#16 BoksaMbezi

Mzee hapo umemaliza. Meguiar's namba 7 ndiyo inayosifiwa kwa hilo. Dada BintiGiaSita, hiyo injini yako ya 3S-GE ya farasi 210 inastahili weupe wake, fuata maneno ya mzee.

#17 MaskatiExpress

Wakuu, niko Maskati. Kiangazi huku joto linapita nyuzi 40, watu wa kazi hizi wanafunga mlango mchana, wanafanya usiku ndani ya chumba chenye kipoza hewa. Swali: umetumia spiriti kukagua? Huku nimeona kazi nyingi zinang'aa dukani, ukifuta kwa spiriti mikwaruzo yote inarudi.

#18 BoksaMbezi

Ndiyo ndugu, na ndilo jambo ambalo lingeniokoa siku ile ya gereji. Spiriti changanya na maji nusu kwa nusu, puliza, futa kwa taulo safi. Mafuta ya kujaza mikwaruzo yanatoka, unabaki na ukweli. Wakuu, mkimlipa mtu kwa bafing, nendeni na chupa ndogo ya spiriti na tochi ya simu. Futa mbele yake kabla ya kutoa hela. Kama amefanya kazi kweli hatakasirika.

#19 SeramikiNaishi

Mkuu baada ya yote hayo piga seramiki, dawa ya kukinga rangi, ya 9H, miaka mitano husumbuki tena, haikwaruziki, kokoto halina nafasi. Njoo inbox nikupe bei ya mwanachama.

#20 BoksaMbezi

Inbox siji, ila tuongee hapa hapa. Hiyo 9H ni kipimo cha penseli. Wanakwaruza kwa penseli za ugumu tofauti, 9H ndiyo ngumu kuliko zote kwenye kile kisanduku. Maana yake penseli haikuchora. Kokoto la barabara ya Bagamoyo siyo penseli, na sponji ya mchanga siyo penseli. Seramiki nzuri inasaidia: maji yanateleza, uchafu haushiki, kuosha kunakuwa rahisi, kwa hiyo unakwaruza mara chache. Hilo nakubali. Lakini ni nyembamba mno, na ukiipaka juu ya mikwaruzo umeihifadhi mikwaruzo.

#21 SeramikiNaishi

Kila mtu na biashara yake mkuu. Bei bado ipo.

#22 Mwana_Mkoko

😂😂 Haya, na lile doa la shilingi mia? Na spoila?

#23 BoksaMbezi

Samahani kwa kupotea wiki mbili, kazi zilinibana.

Spoila polishi haikuweza kuisaidia, wala haitasaidia ya mtu yeyote. Klia ikishaanza kubanduka imekufa, ukiigusa kwa mashine unaongeza ganda tu. Niliifungua, nikaipeleka kwa mpiga rangi mwenye oveni na mzani. Nasisitiza mzani. Wa kwanza niliyemwendea alisema "bluu ya Subaru naijua kwa macho", nikamshukuru nikaondoka. Rangi ya mika inabadilika kwa mwelekeo wa jua: ukiitazama uso kwa uso ni bluu angavu, ukiinama pembeni inaingia giza. Unaweza kuilinganisha kivulini ikakubali, ukatoka nje ukakuta gari la watu wawili. Huyu wa pili alisoma 02C kwenye kibao cha kwenye boksi la injini, akachanganya kwa gramu, akapulizia kadi tatu ndogo kwa mikono tofauti, tukazipeleka juani kuzilinganisha na fenda. Kadi ya pili ndiyo iliyokaa.

Mlango ndio uliniumiza kichwa. Akipiga doa peke yake litaonekana. Akipiga mlango wote, utapishana na kwota. Tulikubaliana apige bluu kwenye mkunjo, aififishe kuelekea kingo za mlango, kisha klia mlango mzima. Kwota ya kushoto ilikuwa 106 ya kiwandani, nilikataa isiguswe. Matokeo: mchana sioni. Magharibi, jua likiwa chini upande wa kushoto, naona tofauti ndogo sana. Mke wangu haioni. Mimi naiona kila siku.

Rangi mpya nimeambiwa nisiipake waksi wala seramiki kwa wiki kadhaa, ipumue kwanza. Kwa hiyo spoila na mlango vipo uchi, gari lingine lote lina nta ya carnauba. Nta haidumu jua hili, najua. Nimeichagua kwa sababu napenda kuipaka.

#24 KituNdoo_KE

Nta kwa STI. Wewe ni mzee kuliko unavyosema. Hiyo bluu ilishinda Safari Rally 1997 na dereva McRae na 2000 na dereva Burns ikiwa imejaa tope mpaka kwenye kioo, hakuna aliyeuliza habari ya klia.

#25 BoksaMbezi

Hao walipewa gari jingine mwezi uliofuata. Mimi hili ndilo nililonalo.

#26 MtwanaWaKisauni

Boneti je? Ulisema imebaki 83.

#27 BoksaMbezi

Boneti niliipiga polishi laini mara moja tu, kuondoa vile vivuli vya grainda. Nilipima kabla na baada, tofauti iko ndani ya kosa la kipima chenyewe. Vivuli vimekwenda. Imebaki mikwaruzo kama sita mirefu, mmoja unaanzia karibu na pua la hewa unakwenda hadi kwenye taa ya kulia. Ukucha unakwama kidogo. Ningeweza kuipiga msasa wa maji namba 3000 halafu M105, ikatoka. Nililowesha msasa kabisa, nikauweka juu ya boneti. Nikaangalia ile 83. Nikaukausha nikaurudisha kwenye boksi.

Zile alama tano za kunguru, tatu zimetoka, mbili zimebaki kama kivuli. Hizo nazo nimeziacha.

#28 BintiGiaSita

Kaka nimerudi na majibu. Nimelaza ile polishi usiku kucha kama mzee alivyosema, nimerudia mara mbili. Buti limerudi jeupe la maziwa, boneti bado ina chaki upande wa dereva. Swali la mwisho: maji yangu ni ya kisima, yana chumvi, yakikauka yanaacha madoa meupe ya duara. Nasuuzia na nini?

#29 BoksaMbezi

Hongera sana dada. Boneti rudia, inakunywa zaidi kwa sababu injini inaipasha moto kwa chini na jua kwa juu.

Maji ya kisima osha nayo, ila usiache yakauke juu ya gari hata dakika moja, na usioshe juani. Mimi nakinga maji ya mvua kwenye pipa, nasuuzia hayo mwisho, ndoo moja na nusu inatosha gari zima. Kiangazi nanunua yale maji safi ya kuongezea kwenye betri. Hakikisha si yenye tindikali, muulize muuzaji mara mbili. Madoa yaliyokwishakaa, siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, kitambaa kilale dakika moja, suuza vizuri. Yasipotoka acha, usiyasugue.

#30 Mwana_Mkoko

Wiki ya sita hii. Picha mkuu. Na iwe ya saa sita mchana, siyo ya jioni ya kutudanganya.

#31 BoksaMbezi

Leo Mbezi mvua tangu alfajiri, pipa linajaa. Kesho likitoka jua nalisogeza nje saa sita kamili, napiga upande wa mlango wa kushoto kwanza.